Jiwe la Mteremko wa Nengo

Vitunguu vibichi vikilala karibu na oil chafu ya gari hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine, na nikiivuta mara moja tu narudi uani kwetu Nengo, hapa Gisenyi, upande wa Rwanda wa mpaka na Goma, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Magunia ya vitunguu yalitoka Nyakiriba yakiwa na udongo mweusi kwenye mishono. Oil tuliipata bure kwa madereva, nami ndiye niliyeipaka kwenye mnyororo wa kigari cha mama kila jioni kwa unyoya wa kuku. Watoto wenzangu walikwenda ziwani kuogelea. Mimi nilibaki nimechuchumaa nikizungusha gurudumu hewani, nikisikiliza meno yakiukamata mnyororo, tik, tik, tik, na sikuona kama kuna mchezo mtamu kuliko huo. Baba, aliyekuwa fundi cherehani sokoni, alisema nimezaliwa na bisibisi mkononi. Alikuwa akinitania, lakini mimi nilijivuna.

Mama alipata polio utotoni na miguu yake haikuwahi kumbeba. Kilichombeba ni kigari hicho cha chuma chenye magurudumu matatu, kilichoungwa Goma, ambacho alikiendesha kwa kuzungusha pedeli za mikono zilizokuwa mbele ya kifua chake. Katika mpaka wetu watu wa vigari ndio wabebaji wanaotegemewa: asubuhi mama alivusha vitunguu kwenda Goma, alasiri alirudi na vitenge. Desturi ni kwamba mwenye kigari hukaa mbele akiongoza, na msukumaji humfuata nyuma ameshika egemeo la kiti. Kwenye tambarare mama hakumhitaji mtu. Ila mteremko wa kupanda kwetu Nengo ulimshinda, na hilo lilimchoma kuliko alivyokubali kusema. Hakupenda kusubiri chini ya mlima na mzigo wake mpaka mtu apatikane, kama mzigo mwingine.

Mwaka huo, mvua za itumba, yaani masika yetu, zikiwa zimepamba moto, nilikuwa nikitoka shuleni nikamkuta katikati ya mteremko, peke yake, ameshika breki kwa mikono miwili na maji yakipita kati ya magurudumu. Msukumaji wake alikuwa ameitwa na mteja mwingine mwenye mzigo mkubwa zaidi, akamwambia anakuja sasa hivi, akaenda zake. Mama alikuwa amekaa hivyo tangu mvua ianze. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi hata nikashindwa kuvibandua kwenye breki. Hakulia. Aliniangalia tu, akasema, "Zaituni, hii barabara nitaipanda mi mwenyewe. Hata kama ni siku moja tu, nitaipanda." Usiku huo nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na kwa kuwa sikuwa na wa kumpiga, nikaamua kukitengeneza kigari.

Karibu na soko palikuwa na fundi wa baiskeli, Mzee Swalehe, mtu wa maneno machache mwenye mkebe uliojaa pinyo kuukuu, yaani yale maduara ya chuma yenye meno ambayo mnyororo hupita juu yake. Nilimwomba kubwa kuliko zote. Akaniuliza, "We mutoto, unaipeleka wapi?" Nikamjibu kwa ujuzi wote wa darasa la tano kwamba naipeleka kwenye nguvu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kikubwa kina nguvu kuliko kidogo, na nguvu inatoka mikononi, basi pinyo kubwa ikae mikononi na ndogo ikae kwenye gurudumu. Baba aliniazima koleo na spana, nikafungua, nikafunga, nikaongeza vipande vya mnyororo. Mama alipokijaribu barabarani, kwenye tambarare, kigari kiliruka. Alizungusha mara moja tu akafika kwa jirani wa tatu, kitambaa chake cha kichwa kikipepea, akicheka kama sijawahi kumsikia. Majirani walipiga makofi nami nikajiona mhandisi.

Jumamosi tukaenda mlimani na nusu gunia la vitunguu ili jaribio liwe la kweli. Mama alimwambia msukumaji akae pembeni. Kigari kilipanda hatua chache, kikasita, pedeli zikawa nzito kana kwamba mtu amezifunga. Niliona mabega yake yakitetemeka, kisha kigari kikaanza kurudi nyuma, kikakata kona chenyewe na kuingia mtaroni. Vitunguu viliteremka barabara nzima. Watu waliviokota, wengine wakicheka, na mama alitolewa mtaroni kwa kubebwa mgongoni, kiwiko kikivuja damu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia sitagusa tena kigari chake. Alifuta kiwiko kwa upindo wa kitenge, akasema, "Utaikamata tena. Kesho utanionyesha fasi ulikosea." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mama yangu hakuhitaji kuitaja methali hiyo ili kuiishi.

Mzee Swalehe alisikiliza habari za mtaroni bila kucheka, na hilo sitalisahau. Aligeuza baiskeli moja juu chini, akanipa pedeli. Kwanza alipitisha mnyororo kwenye pinyo ndogo ya nyuma: pedeli ikawa nzito, gurudumu likakimbia. Kisha akauhamishia kwenye pinyo kubwa ya nyuma: pedeli ikalainika, gurudumu likajikokota. "Ona, binti," akasema. "Mashine haitoaka sadaka. Unataka mbiyo, unalipa na nguvu. Unataka nguvu, unalipa na mbiyo, utazungusha mpaka uchoke. Donc, basi, chagula." Nilirudi nyumbani nikabadilisha kila kitu: ndogo mikononi, kubwa gurudumuni. Sasa kwenye tambarare mama alizungusha na kuzungusha, na bibi mmoja mwenye fimbo akampita. Wale waliopiga makofi wakaanza kututania kwamba tumenunua kobe.

Siku ya kuujaribu mlima tena, kabla ya kupanda, mama alinipa jiwe jeusi la volkano, zito kuliko nilivyotarajia. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma yake, na akichoka niliweke chini ya gurudumu ili kigari kisirudi. "Usiguse kiti," akasema. "We beba jiwe tu." Akaanza. Tik, tik, tik, polepole hata niliweza kuhesabu meno. Alipumzika mara nyingi, nami kila mara niliinama na jiwe langu. Yule msukumaji aliyemwacha mvuani alitufuata kwa huruma, nadhani na kwa aibu pia, na penye kona kali akaweka kiganja kwenye egemeo. Mama hakugeuka. "Toa mukono," akasema, na mkono ukatoka. Tulipofika mlangoni kwetu adhana ya magharibi ilikuwa ikiadhiniwa, mikono yake haikuweza kushika hata kikombe, na baba alimnywesha chai. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama jioni ile.

Leo natengeneza kompyuta katika chumba cha uani tulichokuwa tukihifadhia vitunguu. Yangu mwenyewe nimeiunga kutokana na nne zilizokufa, na somo la Mzee Swalehe halijanitoka. Nilichoshwa na kelele za feni yake nikaipunguza kasi. Chumba kikatulia, kompyuta ikachemka na kuzimika katikati ya kazi. Mashine haitoi sadaka. Barabara za mji sasa zina pikipiki za umeme zinazopita kimya, watu wa vigari bado wanavuka mpaka, na mwaka jana nilikifungia kigari cha mama motere na betri. Simu yangu huonyesha chaji iliyobaki. Mama anaipenda motere hiyo, wala simlaumu, mabega yamezeeka. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba nisizitoe pedeli wala zile pinyo, nami nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Mwezi uliopita tulikuwa tukipanda pamoja, mimi nyuma kwa miguu, simu ikiniambia chaji ipo nusu, na mimi nikiiamini. Penye kona kali motere ilinyamaza. Nilibonyeza, nikazima, nikawasha, hakuna kitu. Mama alikuwa amekwisha kushika breki. Nikaweka kiganja kwenye egemeo la kiti ili nisukume, maana nina nguvu na nyumbani si mbali.

"Toa mukono," akasema, akikunja mikono ya gauni lake. "Tafuta jiwe."

Nikatia simu mfukoni, nikaenda kando ya barabara kutafuta jiwe.