Mdomo wa Mtu Si Pampu

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila nikinusa dizeli, hata ile kidogo iliyomwagika pale stendi. Ilikuwa Sindeni, njia ya Korogwe kwenda Handeni, miaka ile ya ruksa. Ndiyo siku baba yako alipokunywa mafuta yaliyomuua. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea, kwa hiyo kaa hapo, kunywa chai yako, unisikilize. Mimi na baba yako tulinyonya ziwa moja. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nimeshalia vya kutosha.

Jana ulikuja hapa Kilole umefurahi, ukanieleza habari ya gesi. Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali hata kidogo. Umesema dizeli inakumaliza, kwamba ukipandisha lori Dindira kuchukua chai, faida yote inaishia kwenye tangi. Hilo nalijua. Umesema gesi ni nafuu, na injini ya lori lako inaweza kubadilishwa ikaitumia. Hilo nalo nimelisikia kwa watu wenye akili zao. Shida yako ni kwamba vituo vya kujazia viko Dar, na ukitoka huko mpaka Handeni huna pa kujaza tena. Sasa umempata fundi anayetaka kukufungia mitungi chakavu ya gesi ya kuchomelea vyuma chini ya bodi, uijaze huko, urudi nayo iwe akiba. Hapo ndipo uliponikumbusha baba yako.

Zamani mahindi ya Handeni yalikuwa yakinunuliwa na ushirika, na lori lilikuja siku lilipopenda. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, kila mwenye lori akawa mnunuzi. Walikuja wa Tanga, wa Dar, wa Arusha, wakazunguka vijijini kukusanya magunia. Sisi tulishangilia. Hakuna aliyeuliza malori yote hayo yatajaza wapi. Sheli zilikuwa huku Korogwe mjini. Kule ndani ilikuwa vumbi na miiba tu. Lori lilikuwa likikaukiwa mafuta porini na mzigo wake, dereva analala chini yake na mvua inanyesha juu ya mahindi ya watu.

Baba yako akaona riziki hapo. Akawa ananunua dizeli mjini, anaileta kwa mapipa, anayaweka nyuma ya jiko letu. Mimi nilikuwa naye katika kazi hiyo. Pampu hatukuwa nayo. Tulikuwa na mpira: ncha moja unaitumbukiza kwenye pipa, nyingine unainyonya, na mafuta yakikaribia mdomo unaishusha haraka kwenye dumu, yanateremka yenyewe. Wengi wetu tulitema dizeli kila siku na kuhisi ladha yake mpaka kwenye ugali. Baba yako hakutema hata tone. Alisema anayasikia yakipanda. Madereva walisimama kumtazama, sisi tukipiga makofi, tukampa jina, Pampu, naye akalipenda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku hiyo malori yalikuwa yamejipanga mpaka kisimani. Alikuwepo Mnyamwezi mmoja, dereva wa Dar, tuliyemzoea sana. Nanyi vijana wa leo utani hamuujui, mnadhani ni matusi. Mnyamwezi ni mtani wa Mzigua tangu enzi za mababu wakibeba mizigo kwa miguu kwenda pwani. Mtani akikuchokoza hukasiriki. Unacheka, na zamu yako unamrudishia. Basi Mnyamwezi yule akaanza kumchokoza baba yako, kwamba Mzigua akikosa asali hunyonya chochote kilichomo ndani ya mzinga. Baba yako alikuwa na mpira mdomoni. Akacheka.

Ni hilo tu, mwanangu. Alicheka, na alipovuta pumzi baada ya kile kicheko, dizeli ikaingia.

Alikohoa mpaka akapiga magoti. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimaasai, akaja mbio na kibuyu cha maziwa, maana sote tuliamini maziwa huua sumu. Tukamnywesha kwa nguvu, tukamtia kidole atapike. Akatapika kweli, na sisi tukasema alhamdulillahi. Kumbe tulikuwa tunayarudisha mafuta njiani yakaingie kifuani. Tulipomfikisha hospitali, daktari alitueleza kwa upole kwamba mtu aliyekunywa mafuta hatapishwi kamwe. Baba yako alikuwa amelala pale, anahema kwa shida, macho ameyakodoa. Hakuvuka wiki.

Mazishini yule mtani wake alikuja. Kazi ya mtani msibani ni kuchokoza wafiwa, wacheke kidogo katikati ya kilio. Alisimama kando ya kaburi ameshika koleo, akafungua mdomo, hakuweza kusema neno. Akafukia tu, machozi yanamtiririka, na hakuna aliyemlaumu.

Baada ya hapo yakaanza maneno. Watu walisema baba yako karogwa, wivu wa biashara, twendeni kwa mganga. Nami nilikuwa tayari kwenda, nilikuwa na hasira za kumtafuta mtu wa kumlaumu. Ndipo mjomba wetu, mzee Mhando, aliposimama. Mjomba akisema kwetu hapana wa kujibu.

"Nyamazeni," alisema. "Hapa hakuna mchawi. Mlileta malori msijue yatajaza wapi, mkaona mdomo wa mwanangu unatosha. Mkampigia makofi. Mdomo wa mtu si pampu."

Akakaa. Sikuinua uso wangu mpaka watu walipotawanyika.

Sasa wewe unaniambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali unazijua, haya, na mimi nikupe yangu: usiache mbachao kwa msala upitao. Gesi siikatai. Laiti kituo chake kingekuwepo pale Segera na kingine Handeni, ningekushika mkono tukaifuate pamoja. Lakini kituo ndicho cha kwanza, gari linafuata. Ile mitungi ilitengenezwa kwa kazi nyingine, na gesi ya gari husukumwa humo kwa nguvu ambayo chuma kile chakavu hakiwezi kuistahimili. Unataka kuziba kwa mwili wako pengo ambalo wenye uwezo wameliacha barabarani. Watu watakusifu, hilo najua. Watakupa na jina.

Mwambie fundi huyo hapana. Choma dizeli yako, lalamika, ule kidogo. Kaeni na madereva wenzako, mwende kwa wakubwa, mwende tena, mpaka kituo kijengwe njia hii. Kikijengwa, peleka gari kwa wenye idhini walifungie mtungi wake halali. Kisipojengwa katika maisha yangu, basi, nitakufa wewe ukiwa hai, na huo ndio utaratibu wa haki.

Mungu akupe moyo wa kungoja, mwanangu. Akulinde na sifa za watu. Akufikishe umri ambao baba yako hakuuona, ukae barazani umezeeka, mkali na msumbufu, wanao wakichoka kukusikiliza.