Miaka mia nne ya mchawi

Jumanne, kwenye dirisha la vifurushi la stesheni ya Kamina, mstaafu mmoja wa reli aliulizia kama kimefika kitabu cha mwisho cha riwaya ndefu ya wachawi na mazimwi. Alishika rejista kuukuu ya treni. Penye safu ya kuondoka ameandika mwaka aliozaliwa kila mhusika. Penye kufika, mwaka aliokufa.

Karani aliinama, akacheka. "Papa, huyu muchawi iko na miaka mia ine na hajafika bado?"

"Anachelewa sawa treni yenu."

"Basi na weye ungojee. Kitabu hakiko."

"Minyi nitangojea. Bibi yangu njo hataweza. Iko mugonjwa, namusomeaka kila siku. Anataka kujua mwisho."

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, na kitabu hicho nilikuwa nacho nyumbani, nimekimaliza zamani. Nikajiambia nitampa Jumapili, kwa kuwa tunasali pamoja.

Jumapili hakuja kanisani. Nilimkuta kwao, chini ya turubai la msiba wa mkewe. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya rejista bila kukifungua.

Mchawi, kwa taarifa ya wasomaji, yuko hai mpaka ukurasa wa mwisho.