Kokwa la Bibi Zaina

Enzi zetu Kasongo, mtoto alikuwa na shule mbili kwa siku moja, na hakuna aliyethubutu kusema amechoka. Asubuhi tulikuwa kwa masista, daftari kwapani, tukiandika Kifaransa kutoka kushoto. Mchana, tukishakula wali na sombe ya majani ya mihogo, tulikwenda chuo cha Kurani uani kwa Bibi Zaina, mama yake mama yangu. Huko tuliandika herufi za Kiarabu kutoka kulia, juu ya ubao, kwa wino tuliopika wenyewe kwa mchele uliounguzwa. Hadi leo wali ukiungua jikoni, watoto wangu hukunja pua, mimi hutabasamu. Somo likiisha tuliosha ubao, tukakimbilia nzango, ule mchezo wa kuruka na kurushiana miguu, mpaka vumbi lifike magotini.

Mimi nilikuwa mzito. Kichwa changu kilibaki kwa masista: naanza kushoto, naweka herufi moja moja, kila moja peke yake. Bibi hakunipiga. Alichukua kokwa la ngazi, yale matunda ya mchikichi tunayokamulia mawese, akaliweka kwenye ukingo wa kulia wa ubao wangu.

"Anzia kwa kokwa, mujukulu wangu. Na herufi zishikane mikono. Haziko na ugomvi."

Bibi yupo bado, namshukuru Mungu, ila masikio yamemwacha. Hasikii adhana. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa kusali akawa kila mara anamvuta mtu nguo: "Saa imefika?" Niliona aibu inavyomla, ikaniuma. Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza redio na vifaa vya sola sokoni, nilimuundia kisanduku cha ukutani chenye kioo kidogo, kimwonyeshe jina la sala na saa yake. Kwa herufi za Kiarabu, maana zile za Kifaransa hajui hata moja.

Nilikiwasha mbele yake kwa maringo. Akasogea, akakodoa macho, kisha akacheka hadi machozi.

"Hii mashine iko na makosa yako ya zamani!"

Kweli kabisa. Maneno yalianzia kushoto, herufi zimetengana, kila moja kivyake. Kicheko kilipoisha alimgeukia mama yangu: "Alasiri imefika?" Hapo mimi sikucheka.

Nilibadilisha waya. Nikafunga kioo kingine. Makosa yaleyale. Siku ya tatu, nikiwa nimekata tamaa, nililikumbuka kokwa. Kioo hakikuwa kibovu. Kilikuwa hakijafundishwa! Nikachukua daftari la miraba, nikachora kila herufi na sura zake zote kama Bibi alivyotufundisha: ikiwa peke yake, ikianza neno, ikiwa katikati, ikimaliza. Nukta kwa nukta. Kisha nikaiandikia mashine ijue sura ipi iende wapi, na ianzie kulia. Binti yangu alinitazama kwa huruma: "Mama, si ungetafuta tu kwenye simu?" Vijana wetu hawa! Vidole gumba vina mbio kama pikipiki za njia ya Salamabila, lakini mpe kalamu aandike barua moja, tumbo linaanza kumuuma.

Nilipokiwasha tena, Bibi alisoma polepole, kidole hewani: "Alasiri." Hakumuuliza mtu. Alichukua birika lake, akaenda kutawadha. Niligeukia ukuta nikafuta macho.

Chuo kile hakipo tena. Uani pameota mihogo, na mbao zetu sijui ziliishia wapi. Watoto wa sasa wana maandishi mengi kuliko sisi, ila sijui kama kuna mkono wa mtu wanaoukumbuka ndani yake. Mimi ninao, na ninashukuru. Bibi ameweka kokwa la ngazi juu ya kile kisanduku, pembe ya kulia. "Isisahau," alisema. Wanangu wakifuta vumbi wanalitupa wakidhani ni taka. Mimi naliokota, nalirudisha mahali pake.