Marlys na Msichana wa Jojia Nyingine

Marlys Hoekstra aliendesha basi la shule katika mji wetu huku Iowa, Marekani, kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alikaa nyumbani siku kumi na mbili, akapaka rangi uzio ambao haukuhitaji rangi, kisha akaja ofisini kwetu chuoni kuuliza kama tuna kitu chochote chenye magurudumu. Tulikuwa na basi dogo la viti kumi na viwili. Tangu hapo, kila Agosti, yeye ndiye huwapokea wanafunzi wa kigeni uwanja wa ndege.

Mimi hukaa kwenye dirisha la mapokezi. Napokea pasipoti, nakagua barua, naandika kwamba mgeni amefika. Marlys ana utaratibu wake: kwanza mgeni ampigie mama yake, pili ale, tatu apate laini ya simu. Karatasi zangu ni za nne.

"Mtoto mwenye njaa hata jina lake hulikosea," huniambia.

Mwaka juzi alimleta Nutsa Gelovani, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Jojia. Si Jojia yetu, lile jimbo la kusini. Ni ile nchi ya milimani, jirani ya Uturuki. Alikuwa safarini saa ishirini na saba bila kulala, na alikuwa mtu ambaye akikosa usingizi huchekacheka. Njiani aliangalia mashamba, akaangalia tena.

"Mama, haya mahindi yanaishia wapi?"

"Sijui, mwanangu. Nina miaka sitini na minane tu."

Walicheka hadi Marlys akaegesha gari kando ya barabara afute miwani.

Saa nne asubuhi alimshusha mbele ya jengo letu, akageuza gari kwenda kumchukua mwingine. Mlangoni alisimama Tucker, mwanafunzi wa kujitolea, siku yake ya kwanza kazini.

"Karibu, dada. Unatoka wapi?"

"Jojia."

"Basi si hapa. Hapa ni pa wanafunzi wa nchi za nje. Nyie wa majimbo mengine ni kule uwanja wa michezo, utaona bendera ya jimbo lenu."

Mjomba wake Nutsa alikuwa amemwonya asibishane na Mmarekani yeyote mwenye kitambulisho shingoni. Akaburuta sanduku lake hadi uwanjani.

Nikamsubiri. Ikafika saa sita, ikafika saa nane. Ilikuwa Ijumaa, dirisha linafungwa saa kumi, na asiyeripoti haanzi masomo Jumatatu. Saa tisa nikampigia Marlys.

"Msichana wako hajafika."

"Nimemshusha mlangoni kwako kabisa. Umempoteza vipi?"

"Muulize Tucker, ndiye alikuwa mlangoni."

Alikuja mbio, akamuuliza. "Kijana, Jojia ziko ngapi duniani?"

Tucker alifikiri. "Hilo ni swali la mtego?"

"Panda gari."

Uwanjani walikuta vijana kama thelathini wa Jojia ya kusini, nyuso zimepakwa rangi, wamefanya duara. Katikati alikuwa Nutsa, shavu moja jekundu, akiwafundisha ngoma ya harusi ya kwao. Kila mtu alikuwa ameambiwa aonyeshe kitu cha nyumbani, naye akaonyesha. Walikuwa wameshamchagua awe kiongozi wa kundi, na kwenye kuvuta kamba alikuwa ameshinda jokofu dogo.

"Nutsa, mwanangu," Marlys alisema, "unajua hawa ni akina nani?"

"Ni watu wa Jojia, mama. Nilishangaa kidogo kwamba hakuna anayejua Kijojia. Nikadhani wamekaa huku muda mrefu."

Marlys aliketi kwenye nyasi. Hakuweza kusimama kwa kicheko. Kijana mmoja mrefu wa Atlanta, aitwaye Trevaughn, alijitetea: "Mimi nilidhani ni wa Savannah, pwani ya jimbo letu. Watu wa kule wana lafudhi yao."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Marlys alijaza basi viti vyote, asizidishe hata mtu mmoja, maana mazoea ya miaka thelathini hayafutiki. Nutsa alikaa mbele, jokofu mapajani. Waliobaki walikimbia pembeni wakiimba wimbo wa chuo, ambao Nutsa alikuwa ameujua wote kwa nusu siku.

Niliwasikia kabla sijawaona. Saa kumi kasoro dakika sita Nutsa aliweka jokofu dirishani kwangu, akalifungua, akatoa pasipoti na barua.

"Niliogopa zisije zikalowa jasho," alisema.

Nikakagua kila ukurasa, nikaandika kwamba amefika. Ukumbi mzima ukapiga makofi, Tucker kuliko wote. Likabaki swali moja: mtu wa kupigiwa simu hapa Marekani likitokea la dharura. Nutsa alimgeukia Marlys. Marlys naye akanitajia jina lake herufi kwa herufi, kana kwamba silijui.

"Andika na namba ya nyumbani," akaongeza. "Ile ya mkononi huwa naisahau jikoni."

Sasa Nutsa anaingia mwaka wa tatu. Chama cha wanafunzi wa Jojia, ile ya kusini, kimemchagua mwenyekiti mara mbili, na hakuna aliyesimama kushindana naye.