Hazina ya Ndugu Optatus

Mimi nimewahi kuchimba hazina ya Wajerumani mchana kweupe, tena kwa azimio la kikao.

Msicheke. Muhtasari niliuandika mwenyewe.

Ilikuwa kijijini Zuzu, mwaka 1991. Nilikuwa katibu wa shamba letu la ujamaa, ekari nane, wanachama ishirini na mmoja. Mwalimu wetu wa siasa alikuwa Ndugu Optatus, mkomunisti wa kufa mtu! Mwenye mali yake peke yake alimwita kupe. Nilimpenda kama kaka wa tumbo moja.

Siku moja akaja kikaoni na ramani chakavu. Mti wa panda tatu, jiwe, alama ya msalaba.

"Wajerumani walizika sanduku la rupia shambani kwetu," akasema. "Ni jasho la babu zetu. Tutagawana sawa kwa sawa."

Tulipiga makofi hadi viganja vikauma.

"Ila wakubwa wakisikia watatunyang'anya. Shamba liandikwe jina langu kwa muda. Ndugu katibu, andika."

Nikaandika. Wote wakatia dole gumba.

Tulichimba wiki sita. Mitaro mirefu, imenyooshwa kwa kamba, kina cha mapaja. Mama Mwantum, mwenzetu kutoka Kondoa, akashika kiuno.

"Jamani, sanduku moja linatafutwaje kwa mistari?"

Nikamjibu mimi: "Mama, acha fikra za kibepari."

Hadi leo naona aibu.

Hatukupata hata kifungo cha shati. Optatus akasema tupumzike kwanza.

Mvua zilipoanza nikapita shambani. Mitaro yetu ilikuwa imejaa samadi, na miche ya zabibu imesimama mstari kwa mstari. Getini kuna mlinzi, na Optatus mwenyewe yumo ndani.

"Ndugu Optatus, nini hiki?"

"Mambo yamebadilika, bwana. Viongozi tumeruhusiwa miradi ya binafsi. Kwani muhtasari si mwandiko wako?"

Akanipa kitabu cha hadithi kisicho na jalada. "Kasome, upoze moyo."

Nilikifungua nyumbani. Ukurasa wa kwanza, mti wa panda tatu, jiwe, msalaba. Ramani ni ileile, ila ya kitabuni ilizungukwa na bahari.

Nililia. Si kwa ajili ya rupia. Wenzangu ishirini walipoteza shamba kwa mkono wangu, na Mama Mwantum hakunisema. Alinikaribisha ugali tu.

Siku hizi mtu akiniambia "hiki ni chetu," namuuliza kwanza: kimeandikwa jina la nani?