Lengalenga ya Kilio

Katika mtaa wa Mama Plamedie, pembeni mwa Lubumbashi, kukiwa na kilio hakuna anayeomba ruhusa ya kuchuma mboga za kuwapikia waombolezaji. Wanawake hubeba vikapu vyao, huingia bustani yoyote iliyo karibu, na mwenyewe akikuta matuta matupu hushukuru kwamba naye amesaidia. Ni desturi nzuri, na Mama Plamedie hakuwahi kuilalamikia.

Lakini adhuhuri moja, kukiwa na kilio mtaani, alifika bustanini akakuta lengalenga, yaani mchicha wake, yote imechumwa. Jana yake tu alikuwa ameipulizia dawa ya utitiri, vile vidudu vyekundu vidogo kama vumbi vinavyonyonya majani mpaka yakauke. Muuza dawa wa soko la Kenya, mtaa wa hapo Lubumbashi, alimwagiza angoje majuma mawili kabla ya kuchuma. Majuma mawili! Watoto wale nini? Yeye hungoja siku mbili tatu, akaosha, akauza, akajiambia maji yameondoa yote. Ila safari hii vidudu vilikaidi, naye akazidisha dawa maradufu, na majani yalikuwa bado yananuka.

Akatimua mbio kuelekea kwenye kilio. Kitambaa kilimwanguka kichwani, hakurudi kukiokota. Akinyamaza, watu watakula sumu. Akisema, nani atanunua tena jani lake? Na tangu mumewe afariki, bustani ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Alimwomba Mungu sufuria iwe imeungua. Mungu siku hiyo alikuwa na kazi nyingine.

Nyumbani kwa marehemu mzee Godefroid, fundi wa reli wa zamani, bukari, ugali wa huko, ilikuwa imeshagawiwa. Zabibu, jirani aliyeongoza wapishi, alikuwa ameinua upawa juu ya sahani ya kwanza. Mama Plamedie akamdaka mkono.

"Bamama, musimupe muntu iyo mboga. Niliitia dawa jana. Iko sumu."

Alisema huku machozi yakimtoka, akingoja matusi. Hayakuja. Zabibu aliibeba sufuria akaenda kuimwaga shimoni. Wanawake wakamshika mabega, wakamwambia amewaokoa, mmoja akamletea maji ya kunywa. Kwa mara ya kwanza tangu atoke bustanini alipumua vizuri, akaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Ndipo Mama Agnès, mke wa marehemu, akainua kichwa pale mkekani.

"Samedi nilinunuaka lengalenga kwako," alisema polepole. "Mzee alikula, akaanza kutapika. Ile nayo ulikuwa umeitia dawa?"

Wote wakamgeukia Mama Plamedie. Ile ya Jumamosi aliipulizia Alhamisi, siku mbili tu kabla ya kuiuza.