Kasoro Tuliyoiombea

Ng'ombe ishirini na wawili, kiwanja kimoja cha Nzuguni ambacho nilikuwa nimeshakimwagia mchanga na kokoto, na fuso zima la mahindi lililouzwa kabla bei haijachangamka. Nimehesabu mara mbili. Hiyo ndiyo bei ya tumbo la dada yangu. Ni mara yangu ya kwanza kununua kitu bila kupunguziwa hata senti, na sijutii.

Mimi ni dalali wa mahindi Kibaigwa. Kazi yangu ni kutafuta kasoro. Mkulima akishusha gunia nalichoma kwa bambo, namwaga punje kiganjani, nakagua: mbichi, zilizotobolewa, zenye vumbi. Nikiona kasoro, bei inashuka. Nisipoiona, nachoma tena, maana gunia lisilo na kasoro hunitia wasiwasi zaidi. Kwa hiyo daktari aliposema tuombe uvimbe wa dada ukutwe na kasoro, nilidhani sijasikia vizuri.

Dada ndiye aliyenilea kule Mvumi baada ya mama kufariki. Mama alikufa kwa tumbo. Enzi zile "tumbo" lilikuwa jina la kutosha. Dada ni mkulima wa uwele, mkali, si mtu wa kulalamika. Ugali ulipoanza kumkwama alisingizia meno. Lakini mlenda nao ulipokataa kushuka, mlenda ambao kazi yake yote duniani ni kuteleza, hakungoja kushauriwa. Nilimkuta hospitalini Dodoma ameshachukua namba ya foleni.

"Umechelewa," akaniambia. "Sisi wagonjwa tumewahi."

Walimwingiza mpira wenye kamera, wakakata vinyama kwenye kidonda. Nilimwuliza daktari, binti mwenye sauti ya upole, kama wamekata mahali pamoja tu. Akasema hapana, sehemu kadhaa. Nikaridhika kwamba hata wao hawaamini gunia kwa kulichoma mara moja. Majibu yakasema saratani, na imeshagusa tezi za jirani; kisu peke yake hakitatosha.

"Vinyama hivi tutavipeleka vikapimwe alama za jeni," alisema daktari. Alipoona nyuso zetu akavuta kiti. "Mama, kila chembe ya mwili ina maandishi yake. Chembe ikigawanyika, maandishi yananakiliwa, na hapo hutokea makosa. Mwili una wasahihishaji. Sasa upo uvimbe ambao wasahihishaji wake wameacha kazi. Huo hujaa makosa."

"Kama barua za huyu mdogo wangu," dada akasema.

Daktari akacheka. "Basi makosa yakijaa, askari wa mwili huweza kuutambua uvimbe kuwa ni adui. Ila uvimbe una ujanja, unawafunga breki. Ipo dawa ya kuifungua hiyo breki. Dawa yenyewe haiui saratani. Inawaachia askari wako waifanye kazi yao. Lakini uvimbe usiokuwa na alama kama hizo, mara nyingi dawa hiyo haifui dafu. Kwa hiyo tuombe wako ukutwe na kasoro hiyo."

"Na bei?" nikauliza.

Akaitaja. Nikamwomba airudie. Akairudia, na haikupungua.

"Na wewe!" dada akanigeukia. "Unapatana bei ya mzigo ambao hujaambiwa kama upo?"

Wiki za kungoja majibu nilifanya kazi vibaya. Nilichoma magunia ya watu, nikiona punje iliyotobolewa natabasamu. Wakulima wakadhani nimelewa.

Majibu yakaja: kasoro ipo. Dada alipiga vigelegele palepale wodini, kisha akanyamaza ghafla. Mama wa kitanda cha pili alikuwa amepata majibu yake asubuhi ile, na uvimbe wake haukuwa na alama hiyo. Dada akaenda akakaa miguuni pake, akamshika mkono. Furaha yake akaibeba mpaka nyumbani.

Kule Mvumi aliita ukoo. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wake. Alitaka wengine kumi na mmoja. "Mbukwenyi!" akawasalimu, na wote wakaitikia. Akawaeleza habari za wasahihishaji na breki kwa Kigogo, bila kukosea hatua hata moja. Mimi niliyekuwepo daktari alipoeleza nisingeweza.

Baba mdogo akakuna kichwa. "Yaani tuuze ng'ombe kwa ajili ya kitu chenye kasoro?"

"Baba mdogo," dada akajibu, "wewe ulitoa ng'ombe kumi na wanne kwa mama mdogo. Alikuwa hana kasoro?"

Mama mdogo ndiye aliyecheka zaidi. Ng'ombe wakatoka.

Dawa iliingia kwa dripu, kila baada ya wiki tatu. Aliwashwa ngozi, akachoka, akamtukana kila aliyemwonea huruma. Picha ya baada ya dozi ya nne ilionyesha uvimbe umesinyaa, na hapo daktari akatuombea mpango wa msaada uliolipia dozi zilizobaki. Vinginevyo ningeuza na bambo. Mwishowe kamera ikaona kovu tu, vinyama vipya vikarudi safi, na kisu kikawekwa kando.

"Hatusemi umepona, mama," daktari akamwambia. "Tunasema hatuuoni. Utaendelea kuja kuchunguzwa."

Dada akaninong'oneza, "Huyu naye dalali."

Siku hiyo alimaliza sahani ya ugali na mlenda mbele yangu, nami nilitazama kila tonge likishuka. Nimewahi kufunga biashara nzuri Kibaigwa. Hakuna iliyonivimbisha kichwa kama ile sahani tupu.

Lakini kasoro ina mwenyewe. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba dada alizaliwa nayo, huenda ametoka nayo kwa mama, na kila mmoja wetu wa tumbo lile anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Ukikutwa nayo si kwamba unaumwa. Utachunguzwa tumbo na utumbo mapema, kabla mlenda haujakwama. Dada aliwapanga ndugu zetu wote mstari mmoja, wakatoa damu. Nimebaki mimi. Nilimwambia ningoje msimu uishe. Nikamwambia nilipe kwanza ng'ombe wake.

"Ng'ombe sikudai," akajibu. "Nakudai damu, kijiko kimoja. Na hiyo haipungui bei."

Nitakwenda Jumatatu. Sindano siiogopi. Nina mabinti watatu, mmoja ameposwa, na nikikutwa nayo, nao itabidi waulizwe kama watapima. Wewe uliyewahi kupima kitu cha ukoo, nishauri: watoto uliwaambia kabla ya kwenda, au ulingoja majibu kwanza?